Kesi ya Kinini

Farmasi yetu ilikuwa karibu na soko la Kasongo, upande ule ambao wauza samaki wa Lualaba hupanga mabeseni yao, na harufu ya samaki ilitufikia mpaka kwenye pamba na bandeji. Tuliifungua watu wawili: mimi na mwanamke mmoja wa Kabambare niliyesoma naye uuguzi hapa hapa mjini. Mimi ni Mkristo, wa familia iliyolima mpunga pembeni mwa Kasongo tangu enzi za babu zangu. Yeye ni Mwislamu, Mbangubangu kwa kabila, binti wa mkulima wa karanga. Shuleni tulilala chumba kimoja. Kwa kuwa nilimzidi umri kidogo aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na hakuacha kuniita hivyo hata siku ile tuliposimama mbele ya hakimu.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye sindano. Akina mama walileta watoto wao wakasema, "Tunataka ule wa Kabambare, shindano yake haiumi." Mimi nilikuwa mtu wa rafu. Nilijua kila boksi liko wapi, limetoka kwa nani, linaharibika lini. Yeye alijua watu, mimi nilijua dawa, na miaka ya mwanzo hiyo ilitutosha.

Mdogo wake alikuja kukaa nasi ili ajifunze kushona. Msichana mwembamba, mcheshi, aliyeimba akikanyaga cherehani na kukata uzi kwa meno ingawa tulimkataza kila siku. Blauzi niliyovaa kwenye ubatizo wa mwanangu wa mwisho aliishona yeye. Mkono mmoja ukatoka mfupi kuliko mwingine, naye alipouona alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akaolewa na mchimba dhahabu, akaenda kuishi Lusangi kwenye machimbo. Nyumba ilipoa alipoondoka.

Ugomvi wetu ulianzia chumba cha nyuma. Kilikuwa stoo ya makatoni. Siku moja mwenzangu alimlaza humo mtoto mwenye homa kali, akamtundikia serumu, yaani dripu, kwenye msumari wa ukutani, na mtoto akapona. Habari ikaenea. Kabla hatujajua, kulikuwa na mkeka, kisha mikeka, na wagonjwa wamelala kati ya makatoni yetu kama hospitalini, huku mimi mbele nauza vidonge na kutega sikio nisikie kama inspekta wa afya anapita.

"Hii iko farmasi, haiko lopitalo," nilimwambia. "Siku moja mutu atakufa humu ndani, na sisi wote wawili tutafungwa."

"Na wale wenye wanafia inje, yaya? Kule lopitalo mama anangoja tangu asubuhi, mutoto anatetemeka mukononi. Nimwambie nini? Nimwambie hapa tunauza tu?"

Nilirudi mbele kwenye rafu zangu. Lakini baadaye kijana mmoja alifanya jipu kubwa pale alipodungwa, na kaka zake wakaja kutupigia kelele mlangoni, soko zima likisikiliza. Siku iliyofuata nilinunua kufuli, nikafunga chumba cha nyuma.

Mwenzangu alifika asubuhi akaiona. Hakupaza sauti. Aliishika ile kufuli, akaiachia.

"Ufunguo iko wapi?"

"Iko na mimi."

Alivua blauzi yake nyeupe ya kazi, akaikunja vizuri kama mtu anayekunja nguo za safari. Alitoka bila kuniaga, na mgonjwa wake wa kwanza wa siku hiyo alikuwa tayari amekaa kizingitini akimsubiri.

Tuliachana kwa adabu, mbele ya mume wangu na mjomba wa mwenzangu. Dawa tuligawana nusu kwa nusu. Kinini ya sindano, dawa ya malaria, ilikuwa katoni moja tu, ile iliyokaa rafu ya juu karibu na dirisha, nayo tukaipasua katikati. Zake zilifungwa juu ya pikipiki, zikaenda Kabambare, ambako alifungua kiposti chake mwenyewe, zahanati ndogo yenye kitanda na mikeka, na bila mtu wa kumwekea kufuli. Watu waliotoka huko walisema anajaza wagonjwa. Nilifurahi na nikaumia, yote kwa pamoja.

Kisha wenye pikipiki wakaleta habari kwamba mdogo wake amekufa Lusangi. Homa, walisema. Alikuwa ametoka kujifungua si muda mrefu. Kwa Waislamu maiti hailali, kwa hiyo habari iliponifikia alikuwa ameshazikwa. Nilikaa juu ya katoni nikalia hata wateja wakaondoka wenyewe. Nikatafuta kitenge kizuri, nikakikabidhi kwa mwendesha pikipiki anayekwenda upande wa Kabambare, pamoja na maneno ya pole kwa mwenzangu na mama yake.

Mwendesha pikipiki alirudi na kitenge kikiwa bado kimekunjwa nilivyokikunja mimi.

"Walikataa," alisema. Hakuniangalia usoni. "Walisema urudishiwe."

Nilidhani ni kufuli. Nilidhani mtu anaweza kubeba hasira ya kufuli mpaka kwenye matanga, nikamhesabu kuwa mtu wa roho mbaya. Kwa hiyo arobaini ya marehemu ilipopita na inspekta akaja, nilishahisi ametumwa na nani.

Alikuwa mwanaume mwenye miwani, amechoka, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Aliniamkia vizuri, akaomba maji ya kunawa miguu. Alipokwisha kuvaa viatu akawa mtu mwingine.

"Mama, tumepokea malalamiko juu ya hii farmasi. Wanasema munatoa kinini yenye imeharibika. Wanasema kuna mutu alikufa Lusangi baada ya kuwekewa ile kinini."

"Nani anasema?"

"Unamujua. Mulikuwa mukifanya kazi pamoja."

Nilimfungulia kila kitu. Alipanda kiti akatazama rafu, akashusha katoni, akainua chupa moja moja kwenye mwanga wa mlango. Kwangu mimi zilikuwa safi. Yeye hakusema ni safi, hakusema ni mbovu. Alichukua chache, akazifunga kwenye bahasha, akasema zitakwenda Kindu kwa wakubwa wa jimbo, na kutoka Kindu zitakwenda Kinshasa kwenye mashine za kupimia.

"Mupaka majibu ifike, tunafunga."

Akabandika karatasi ya serikali kwenye mlango, nusu juu ya ubao, nusu juu ya fremu, ili mtu asiweze kufungua bila kuipasua. Wauza samaki waliacha biashara yao wakasimama kutazama. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jina linaharibika haraka kuliko samaki. Kabla ya jua kuzama nilikuwa Mama Sumu. Watu waliokunywa dawa zangu miaka yote wakaanza kukumbuka: shangazi huyu alikufa baada ya vidonge vile, mtoto yule alikuwa kiziwi kwa sababu ya sindano ile. Mtu niliyemsaidia kwa mkopo wa dawa hata mkewe akapona alipita barabara ya ng'ambo. Binti yangu alirudi shuleni kola imechanika, akakataa kusema nani alimchania.

Lakini lililonivunja lilikuwa jambo la sufuria. Parokiani kwetu akina mama hupika siku ya sikukuu, kila mmoja analeta chake, kinaliwa pamoja baada ya misa. Nilileta sombe ya majani ya muhogo, niliyoitwanga mwenyewe, yenye mawese na karanga. Sufuria za wengine zilikwanguliwa. Yangu ilikaa mezani imejaa mpaka mafuta yakaganda juu. Hakuna aliyenikataza kitu wala kunitukana. Walipita tu na sahani zao, wakachota huku na huku. Niliibeba kichwani kurudi nyumbani ikiwa na uzito uleule niliokwenda nao, na njiani niliamua kwamba nitamshitaki mwenzangu mahakamani.

Mume wangu hakutaka. "Jina haioshwi na tribinali," alisema. "Utaingia nayo chafu, utatoka nayo chafu, na mulango wa farmasi utakuwa bado umefungwa."

"Basi ajue angalau kwamba niko mutu."

Avoka, yaani wakili, niliyempata alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alinieleza kwamba kuna kuchafua mtu mbele ya watu, na kuna kumsingizia mbele ya serikali. Hili letu lilikuwa la pili. Ili tushinde, alisema, haitoshi kuonyesha kwamba alichoandika si kweli. Lazima tuonyeshe alijua si kweli, na alikiandika kwa chuki.

"Mwenzako iko na chuki na wewe?" aliuliza.

Nikamsimulia habari ya kufuli, na ya kitenge kilichorudi.

Alitabasamu. "Ndiyo hiyo, mama. Kufuli ndiyo kesi yetu."

Wale wasiojua tribinali zetu wanadhani kesi ni siku moja. Tulifika mara hakimu yuko Kindu, mara karani ana homa, mara avoka wa mwenzangu hakutokea. Kila mara mwenzangu alikuja kutoka Kabambare nyuma ya pikipiki, amelowa, matope mpaka magotini, amepita Wamaza na ile barabara ambayo wakati wa mvua hata pikipiki husukumwa. Alikuwa amekonda, kanga ikimning'inia mabegani. Alikaa mwisho wa benchi, mimi mwanzo. Akinipita alisema, "Yaya." Neno hilo tu. Mimi nilitazama ukuta.

Siku ya kusikilizwa, watu wengi walikuja, maana farmasi ilikuwa imefungwa muda mrefu na habari ilikuwa imekua. Avoka wangu alisema vizuri. Alieleza jinsi wanawake wawili walivyofanya kazi pamoja, jinsi mmoja alivyotaka kuvunja sheria na mwingine akamzuia, jinsi aliyezuiliwa alivyoondoka na kinyongo na kungoja nafasi ya kulipiza. Kufuli ikatajwa tena na tena. Nilipokuwa namsikiliza niliona kila kitu kikikaa mahali pake, nikajisikia kama mtu anayeoshwa.

Hakimu, mzee mwenye kikohozi, alimgeukia mwenzangu. Avoka wake hakuwepo siku hiyo pia, kwa hiyo alisimama peke yake.

"Uliandika kwamba dawa ilikuwa mbaya. Ulijuaje?"

"Niliiona, Mheshimiwa. Ilikuwa na rangi kama chai yenye maji mingi. Kinini haina rangi ile."

"Uliiona wapi?"

"Lusangi. Kwa nyumba ya mudogo wangu."

"Na nani alimuwekea mugonjwa ile dawa?"

Katika malalamiko yake kwa inspekta alikuwa amesema tu kwamba mgonjwa aliwekewa serumu. Nani aliyeiweka, hakusema, wala sisi hatukuuliza. Tulidhani ni mmoja wa wale wanaotembea na sindano kwenye machimbo. Mwenzangu alivuta ncha ya kanga akaishika kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema.

Watu wakanong'ona. Hakimu akagonga meza.

"Walinitafuta, nikaenda na pikipiki. Nilimukuta anaungua, anaongea maneno ya ovyo. Mvua ilikuwa inanyesha, ndani mulikuwa giza. Nilivunja chupa, nikaona ile rangi. Nikasema labda ni taa, labda ni macho yangu. Nikaiweka ndani ya serumu. Akaniambia, 'Yaya, moyo inakimbia.' Nikamwambia tulia. Akasema tena. Nikamwambia tulia, dawa inafanya kazi. Kisha hakusema tena."

Kisha aligeuka. Hakumtazama hakimu tena, alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze sikuhamisha macho.

"Mimi sikuandika kwa ajili ya kuchafua jina ya yaya. Ile chupa ilitoka kwa katoni yetu, ile ya dirishani, na kwake ilibakia zingine. Mimi zangu nilizitupa zote kwa choo siku ya matanga, nilikuwa kama mutu mwenye wazimu. Kwa hiyo nilitaka wakamate za kwake, wapeleke kwa wenye mashini, wapime, waniambie. Nijue. Kwa sababu kama haiko dawa, basi iko mukono yangu."

Avoka wangu aliniinamia sikioni. "Amejimaliza mwenyewe," alisema kwa furaha. Nilitamani anyamaze.

Kila muuguzi anajua kinini ikiingia kwa kasi inaweza kuusimamisha moyo. Nilimjua mwenzangu, nilijua kwamba wagonjwa wakimzidi hufungua serumu ikimbie ili amwahi mwingine. Lakini pia nililijua lile dirisha. Jua la alasiri lilipiga pale kila siku ya kiangazi, na katoni ile tuliipandisha pale wote wawili, mimi nikiwa juu ya kiti, yeye akinipa kutoka chini. Nilitazama mikono yake ikisokota ile kanga na sikujua nimwombee lipi liwe kweli. Nilimwona mdogo wake akicheka juu ya mkono mfupi wa blauzi. Nilimsikia akisema moyo unakimbia. Hadi siku ile nilikuwa nimemlilia kama mtu aliyekufa kwa homa.

Hukumu ilitoka baadaye, nayo ilikuwa fupi. Mahakama ilisema kwamba mwananchi anayepeleka shaka yake kwa idara inayohusika hamsingizii mtu, hata kama shaka hiyo itaonekana baadaye kuwa si kweli. Kwamba mimi sikuonyesha kuwa alijua ni uongo. Kwamba mshitakiwa mwenyewe alionekana kutaka kujua ukweli. Ombi langu likakataliwa. Hapakuwa na neno lolote kusema dawa yangu ilikuwa safi, maana hilo, alisema hakimu, si kazi yake, ni kazi ya mashine za Kinshasa.

Hata hivyo maneno ya mwenzangu mwenyewe yalikuwa yameandikwa. Alikuwa amekiri mbele ya mahakama kwamba alimtundikia mtu serumu nyumbani na mtu huyo akafa, na posti yake haikuwa na ruhusa. Kiposti cha Kabambare kilifungwa. Yeye akawekwa ndani hapa Kasongo, akingojea wakubwa waamue kama kuna kesi nyingine.

Nilikwenda kumwona. Sikumwambia mume wangu. Mlinzi alinijua, alikuwa mteja wetu zamani, akaniruhusu kusimama kwenye uzio. Mwenzangu alitoka akajikinga jua kwa kiganja. Tulisalimiana. Aliuliza habari za watoto, kila mmoja kwa jina lake.

"Wazima," nilisema.

"Majibu ya Kinshasa ilifika?"

"Bado."

"Ikifika, utaniambia? Hata kama inasema dawa yako iko safi?"

Nilielewa anachoniuliza. Majibu ya kunisafisha mimi ndiyo yangemhukumu yeye.

"Nitakuambia."

"Usimutume mutu. Kuja mwenyewe."

Nikamwahidi. Nilitaka kumwambia habari ya lile dirisha, kwamba nami huliwaza, lakini mlinzi alikuwa karibu na maneno ya aina ile nilishaona yanakwenda wapi yakisemwa mbele ya watu. Niliondoka nayo.

Mjomba wake alihangaika mpaka akatolewa. Alirudi Kabambare, na nasikia siku hizi analima karanga kwenye shamba la baba yake na hataki hata kumfunga kidonda mtoto wa jirani. Kule watu wananunua dawa kwa vijana wanaotembea nazo kichwani kwenye mabeseni, vidonge vya kila rangi vikioka juani tangu asubuhi, hakuna wa kusema hiki kimeharibika wala hiki ni cha nini. Hapa kwetu hali ni ileile. Karatasi ya mlangoni mwangu ilioza kwa mvua ikaanguka yenyewe. Nauza sabuni, chumvi na maharage. Juzi mama mmoja alinijia na mtoto mgonjwa mgongoni na vidonge vitatu kwenye kipande cha gazeti, akaniomba nimwambie ni vya nini. Havikuwa na alama yoyote. Nilimwambia ampeleke mtoto hospitali, akaitikia, akashika njia ya sokoni.

Yule inspekta mwenye miwani alihamishwa. Aliyekuja baada yake ni mtu mwema. Nilimwomba atafute zile chupa zangu zimefikia wapi, naye akapiga simu, akauliza, akasafiri mpaka Kindu kwa shughuli zake na huko akauliza tena. Aliporudi aliniita ofisini akanipa kiti.

"Mama, nimepata ile bahasha. Iko kwa kabati. Haikutoka Kindu hata siku moja. Chupa zote zimepasuka. Hakuna tena kitu ya kupima."

Nilikuwa nimeahidi kwenda mwenyewe. Nilipanda pikipiki nikaenda mpaka Kabambare, na mjomba wake ndiye aliyenipokea, maana mwenzangu alikuwa bado shambani. Mjomba alinipa maji. Nikaona heri nianze na yeye. Nikamwambia yote, ya kabati na ya bahasha. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akatazama njia ya shambani kuona kama bado haina mtu.

"Kila mutu mwenye anatoka Kasongo anamuuliza kama majibu ilifika," alisema. "Anaamuka na ile swali. Analala na ile swali. Mwanangu, rudi kwenu kabla hajafika. Acha aendelee kungoja."

Injini ya pikipiki ilikuwa bado ina moto. Nikapanda.